Athari

Sideira hauna lango. Unafika ukidhani bado uko njiani:
kituo cha petroli, kinyozi wa Kibengali, duka la mapazia,
kisha barabara inakumbuka safari yake ya Ibra na kukuacha.
Mji wenyewe uko nyuma, bondeni, umejikunyata mitendeni
kama mtu asiyependa kupigwa picha.

Sisi ni watu wa hesabu.
Maji ya falaji hugawanywa kwa athari,
athari moja ni nusu saa ya maji,
na Zahran bin Muhanna, mshika daftari,
hajampa hata mamaye dakika ya nyongeza.
Zamani walipima mchana kwa kivuli cha kijiti uwanjani,
usiku kwa nyota: nyota fulani ikigusa ukuta fulani
kizibo cha matambara kinang'olewa, cha jirani kinashindiliwa,
na aliyesinzia shamba lake limelala na kiu.
Siku hizi kuna saa kwenye simu.
Ugomvi ni ule ule.

Ngome tunayo, nusu.
Nusu nyingine ilikwenda na mvua za mwaka mmoja
ambao hakuna wawili wanaokubaliana ni upi.
Mlangoni pana tundu la risasi, kidole kinaingia.
Watu wa mtaa wa juu husema risasi ilitoka chini.
Watu wa mtaa wa chini husema ilitoka ndani.
Mtoto akiuliza, anatumwa chumvi.

Babu yangu Thuwaini aliuza athari zake tatu
akanunua nauli.
Pemba. Karafuu za watu. Mke. Duka la mafuta ya taa.
Miaka arobaini daftari likamwandika: hayupo.
Siku aliyorudi, na watoto saba, na cherehani,
na mbuzi ya kukunia nazi
katika mji usio na mnazi hata mmoja,
hawakumuuliza alikuwa wapi.
Walimuuliza: maji utanunua ya nani?

Hivyo ndivyo Kiswahili kilivyoingia Sideira.
Hakikupigiwa ngoma.
Kilikaa jikoni, kikajifunza joto,
kikatoka kwa mlango wa uani na sahani ya vitumbua.
Sahani ikarudi na tende, maana sahani hairudi tupu,
na huo ndio mkataba wa pekee
ambao mitaa yote miwili iliutia saini.
Wakatuita Wazinjibari.
Kule tulikotoka tuliitwa Wamanga.
Bibi Raya akipepeta mchele alisema,
"Jina langu la kweli wanalijua wanaonidai tu."

Alikufa akimdai Zahran robo saa.

Mimi nakaa Maskati, ghorofa ya nne,
maji yangu yanatoka ukutani bila kumtaja mtu.
Lakini kila Jumanne ya zamu yetu
naendesha gari usiku, kwani saa tisa kamili
athari moja, iliyonunuliwa tena kwa dhahabu ya bibi,
inapita kwenye shamba letu.
Mtaro umekonda. Visima vya pampu vimeunyonya.
Nusu saa ya leo haijazi kilichojazwa na dakika kumi za jana,
na minane kati ya mitende yetu imekatika vichwa.
Zahran yupo, kurunzi kwapani, daftari gotini.
Hanisalimu mpaka maji yapite.

Kwa lugha yetu, nilimwambia safari moja,
athari ni alama, ni kile kinachobaki
jambo likishakwenda zake.
Akafikiri. Akatazama simu.
"Kwa yetu pia," akasema.
"Una dakika nne."

Nikavua viatu.
Maji yakaja, membamba, ya vuguvugu,
yamebeba kokwa moja ya tende
kutoka shamba la mtu wa juu
ambaye hatusemezani.